Denis Amekataa Marekebisho ya Mdogo Wake

Tabitha, kitendawili. Nani anakula ndafu yangu, mbuzi mzima wa kuchoma, kila Krismasi halafu anauliza kama nipo? Usinipe mji, nakwambia mwenyewe: mjukuu wangu Denis.

Ile programu huria ya nyimbo za kanisa, ambayo yeyote anaweza kuipendekezea marekebisho, inabeba nyimbo zote kwa mpigo, simu yangu inaganda. Jumapili iliniacha bubu katikati ya ubeti. Mdogo wake Denis, Pamela, akairekebisha ifungue wimbo mmoja mmoja, isijaze kumbukumbu.

Mkaguzi wa kupitisha marekebisho ni Denis. Amekataa. Ameandika kwenye ukurasa wa programu, mbele ya watu wote, "Nani bado anatumia simu za hivyo?"

Nani bado. Mimi naulizwa nani bado.

Nikamwambia Pamela ajibu palepale, "Bibi yako, huku kijijini Mwika. Simu ulimwachia wewe."

Sasa Denis anapiga. Sipokei mpaka aipitishe kazi ya mtoto.