Nguruwe Sita wa Kabiro

Mideva mjukuu wangu,

Habari ya Eldoret? Hapa Kabiro tuko sawa. Babako amepata kazi ya kuchomelea milango pale stejini Hamsini na Sita, na dadako mdogo ameota meno mawili.

Kwenye simu uliniuliza kama nyinyi wa udaktari wa mifugo mnafundishwa ukweli, kwamba bakteria wakibanwa hujikinga. Ni kweli. Mimi niliyaona hayo nikiwa msichana, nikifuga nguruwe sita nyuma ya ploti.

Walianza kukohoa. Nikawapa dawa siku mbili, wakachangamka, nikaacha. Baada ya wiki kikohozi kikarudi kwa nguvu. Jirani yetu Baba Otieno akasema, "Wachinje tu, hao wamekwisha." Nikakataa, nikamwita daktari wa mifugo, mama mmoja.

"Hawa bakteria hukaa puani mwa nguruwe mzima bila kumsumbua," mama huyo akanieleza. "Wakifika mapafuni wakakosa chakula, au dawa ikiwapiga, wanajibadilisha, wanashikana na kungoja. Ukiacha dawa mapema, waliobaki wanaamka."

Safari hii nilimaliza dawa yote, nikang'oa mabati ya upande mmoja wa banda lao ili hewa ipite.

Asubuhi moja niliwakuta wote sita wakisukumana kwenye chakula, na hakuna aliyekohoa. Nikapiga vigelegele hadi wapangaji wakatoka nje. Baba Otieno akaja kuwatazama, akacheka, akaniomba nimfundishe.

Mideva, nilikuwa nimemshinda adui nisiyeweza hata kumwona.

Ni mimi kukhu wako,
Kageha