Pale Chungu Kilipoanzia Kupasuka

Mjukuu wangu Atupele,

Ndaga, asante kwa salamu zako. Huku Lyulilo tu wazima, babu yako kaenda Kyela kuuza vyungu.

Unaniuliza kama uombe tena ile kazi ya utafiti, ya kuligawa daraja vipande vidogo kwenye kompyuta ili kujua litavunjikia wapi, maana mwanzo walikukataa.

Nikiwa msichana, chungu changu cha kwanza kilipasuka motoni. Mama hakunikemea. Alivipanga vigae mchangani, tukaufuata ufa hadi ulipoanzia: chini ya shingo, pale udongo mnene ulipokutana na mwembamba. Mpaka leo napapasa hapo kwanza.

Sasa hiyo kompyuta, yenyewe inajuaje pa kuanzia kupapasa? Omba tena, mama, ukaniulizie.

Bibi yako