Pikipiki ya Bwana Mpima

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Huku nyumbani tu wazima. Mama anakusalimu sana na anauliza kama sasa una kitanda, au bado mnalala chini kwa zamu. Mimi sijambo, ila mikono yangu imekuwa kama yako: weusi hautoki kwenye kucha hata nikisugua kwa mchanga. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua. Juzi nilikupigia, ukapokea, nikakuuliza kama umekula, nikakata. Nilikuwa na jambo, sikulitoa.

Habari kubwa ya hapa ni ileile pikipiki kubwa ya safari ya Bwana Mpima. Najua hutaki hata kuisikia, lakini nivumilie. Nataka kuyapanga mambo tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikiruka moja nitaogopa nisimalize.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza gerejini kwa Baba baada ya kumaliza shule. Bwana Mpima aliileta ibadilishwe tairi la nyuma na waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye mkono wa kulia wa usukani kwenda kwenye injini. Kazi uliifanya wewe. Akaichukua, akaenda zake kupima mashamba ya watu. Wiki tatu baadaye akarudi anachechemea. Alisema pikipiki imeingiwa na wazimu. Ukiwa mwendo wa taratibu, ukivuta mafuta kidogo tu, inaruka mbele kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Ukiachia, inakushika kama umegonga ukuta. Ilimrukia akipinda kuingia getini kwake, ikamlalia goti. Baba hakuuliza mara mbili. Alisema ni waya, umeufunga kwa haraka. Ukaapa kwamba uliujaribu, na kwamba pikipiki ilitoka hapa ikiwa laini. Ndipo Baba akasema, mbele ya mteja, kwamba heri fundi mbovu kuliko fundi mwongo. Ukavua ovaroli, ukaiweka juu ya benchi, na kesho yake ukapanda lori.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukitwanga maji kwenye kinu. Baba aliulegeza waya, akaukaza, akautupa akanunua mwingine. Pikipiki ikaruka. Akabadilisha plagi zote mbili. Ikaruka. Akafungua koo za kuingizia hewa, nikazisugua kwa mswaki mpaka zikang'aa kama vijiko vya wageni. Ikaruka vilevile. Akasema basi silinda mbili hazipumui sawa, akachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukautia oili, tukaufunga kwenye ubao, ncha moja kwa kila silinda, tukakaa siku nzima tukitazama oili ikipanda huku na kushuka kule mpaka ikasimama usawa mmoja. Nilifurahi, Kaka, nilidhani tumeshinda. Bwana Mpima akaipanda, akafika kwenye lile tuta la karibu na duka la vioo, tukamwona kichwa kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, kama mtu anayekubali na kukataa kwa wakati mmoja.

Fundi wa kuchomelea, jirani yetu, ndiye aliyefaidi. Kila ikitoka kwa majaribio anazima mashine yake, anavua miwani, anakaa kwenye tangi bovu kutazama. Alimwambia Baba kwamba mnyama yule hana shida na mafuta, anataka hatamu na majani. Siku nyingine akaniuliza mimi, "Vipi Bibi Kimya, mbuzi wenu amezaa?" Nilitaka kumjibu. Nikainamia ndoo ya spana nikajifanya natafuta namba kumi na mbili.

Na Baba ndiyo usiseme. Ukimwuliza kitu anakwambia tazama; ukitazama anakwambia umesimama bure. Usiku hali chakula vizuri. Akiona pikipiki yoyote inapita barabarani anakaza taya. Kibaya zaidi, kila jaribio likishindikana anamalizia na wewe. Alikuwa akisema kwamba kama ungekiri ulichokigusa siku ile, asingekuwa anatapatapa gizani. Mama aliwahi kumwambia kwamba anatafuta mchawi wakati ugonjwa haujulikani. Akahamisha sahani yake akaenda kula uani.

Bwana Mpima alirudi mara nne. Unamjua alivyo mpole, lakini mara ya nne hakuketi. Alisema hawezi kuendelea kukodi mtu wa kumpeleka mashambani wakati chombo chake kipo, na kwamba akiondoka nayo safari hii hatarudi tena. Baba akamwomba siku mbili.

Sasa hapa nije kwenye yangu. Mimi sikuwa napanda, nilikuwa nachuchumaa kando ya njia wakati Baba anapita taratibu, nisikilize injini. Tangu wiki ya kwanza ya majaribio nilisikia kitu. Kabla ya kuruka kulikuwa na mlio, "tak", nao haukutoka mbele kwenye mafuta. Ulitoka nyuma. Nilimwambia Baba, akasema sema kwa sauti, huku injini inanguruma na yule jirani ametukodolea macho. Nikasema hakuna kitu. Nimejilaumu kwa hilo mpaka nimechoka. Wiki zote zile za mpira na plagi na mswaki, kwa sababu sikuweza kupaza sauti nikatamka neno moja.

Siku ile ya mwisho Baba alikwenda kuazima vifaa. Nikabaki peke yangu. Niliisimamisha juu ya stendi, injini imezimwa, nikaingiza gia, nikashika tairi la nyuma kwa mikono miwili nikalisukuma mbele na nyuma. Cheni haikucheza. Lakini tairi lilikwenda na kurudi peke yake, karibu upana wa vidole viwili, kabla halijakamata: tak. Nikalifungua. Ndani, kati ya tairi na gurudumu la meno linaloshika cheni, kuna zile raba nene za kupoza mshtuko. Zilikuwa zimelegea kama mkate uliolowa. Nguvu ya injini ilikuwa inakimbia kwanza kwenye nafasi tupu, halafu inalipiga tairi kwa kishindo. Baba aliporudi nikamwonyesha. Alizigusa kwa kidole. Tukapata raba mpya, tukafunga, na Baba akaizungusha uwanja mzima kwa gia ya kwanza, akivuta na kuachia, kuvuta na kuachia. Ilikwenda kama maji. Hata mchomeleaji alipiga makofi.

Bwana Mpima alinipa mkono mbele ya watu. Baba akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba kijana wake alishindwa, binti ameweza. Kisha akasema kwamba wewe lazima uliziona zile raba siku ulipobadilisha tairi, ukafunika makusudi ili usiongeze kazi. Amepigilia msumari wa ovaroli yangu juu ya benchi lako. Anasema kuanzia mwezi ujao benchi ni langu.

Kaka, hukufunika kitu. Ni mimi.

Siku ile ulipolitoa tairi, uliniambia nioshe vyuma kwa petroli, na zile raba nizifute kwa kitambaa kikavu tu. Ulisema mara moja, ukaenda kwenye waya. Nami nilitaka uone kwamba nafaa, kwamba sitakuwa wa kufagia tu. Raba zilikuwa na uchafu kwenye mikunjo. Nikazitumbukiza kwenye bati la petroli pamoja na vyuma, zikalala humo mpaka asubuhi. Nikazitoa, nikazifuta, nikazirudisha kabla hujafika. Ulipozibonyeza zilikuwa zimebana sana, ukanisifu. Zilikuwa zimevimba tu. Zilipokauka barabarani zikanywea, zikaanza kuoza. Kwa hiyo ulipoapa kwamba pikipiki ilitoka hapa ikiwa laini, ulisema kweli tupu.

Nilijua palepale nilipozishika. Harufu ya petroli ilikuwa bado imo. Baba aliposema uliona ukafunika, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nami niliendelea kufuta spana. Zimepita siku kumi na moja. Kila asubuhi naamka nikisema leo, na kila jioni nalala na maneno yangu. Sikuombi unisamehe kwa sababu ya aibu yangu. Aibu ni yangu, lakini aliyelala chini kwa zamu ni wewe.

Kumwambia Baba kwa mdomo nimejaribu na nimeshindwa. Kwa hiyo nimefanya hivi. Kesho asubuhi anakwenda stendi ya malori kuchukua vipuri, na ndiye atakayemkabidhi dereva barua hii akuletee. Nitampa Baba bahasha ikiwa wazi, na juu ya karatasi nitaandika kwamba aisome yote kwanza, halafu aifunge mwenyewe. Gundi nitaiweka kando yake. Mimi sitaifunga. Ikikufikia imefungwa, ujue ameshasoma. Kama kuna la kwako kutoka kwake utalikuta humo humo. Kama hakuna, angalau hatakuita mwongo tena, maana sasa anajua mwongo ni nani.

Mama ameweka sweta kwenye mfuko atakaopewa dereva, livae asubuhi. Wasalimie wenzako mnaokaa nao chumba kimoja, hasa yule mzee anayewapikia uji. Ukipata nafasi ya kujibu, jibu, hata kama ni kunigombeza. Nitasoma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Bibi Kimya