Mama Sarlina Cloete na Shamba Aliloyaachia Maua

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Agosti moyo wako uliposimama, maua yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka.

Shamba la ngano ulilorithi kwa baba yako lilikuwa limechoka. Ulikataa kulilima tena. Uling'oa magugu kwa mikono, ukakusanya mbegu za maua ya porini ndani ya foronya, ukazimwaga kabla ya mvua za Mei. Mbuzi hawakukanyaga humo mpaka maua yakauke na kudondosha mbegu.

Jirani yetu Dawid alikutania kutoka ng'ambo ya ua: "Sarlina, mbuzi wako wamebaki mifupa, wewe unalisha nyuki!"

"Nyuki angalau wakila wananyamaza, Dawid."

Kobe walirudi. Swala wadogo wakarudi. Nawe uliwahesabu kila Jumapili baada ya kanisa, ukiwa bado na viatu vizuri miguuni.

Juni ya mwaka jana, mchana kweupe, uliwakuta wanaume wawili kule juu maweni, waking'oa ile mimea midogo minene inayochukua miaka mingi kukua, wakijaza magunia wakauze ng'ambo. Mmoja, sepetu mkononi, alikwambia, "Bibi, rudi nyumbani ukapike."

Ulirudi. Lakini namba ya gari ulikuwa nayo kichwani, ukaipeleka polisi. Mwanao Willem naye aliwaona, alikuwa na mbuzi bondeni. Alipoulizwa na polisi, alisema hakuona kitu.

Wiki iliyofuata binti yako Magrieta alipokea simu. Sauti ilisema tu, "Mwambieni bibi, lango lenu tunalijua."

Tulikusihi ufute maelezo yako kule polisi. Willem alilia: "Mama, ni majani tu!"

"Mwanangu, hata mimi naogopa," ulimjibu. "Lakini tukinyamaza, watarudi na lori."

Hukumlaumu hata siku moja. Ulimkatia mkate uliouoka majivuni kama kawaida, kipande kikubwa kuliko vyetu.

Daktari alisema moyo wako uliugua siku nyingi. Sisi hatujui hofu ilichangia kiasi gani, na hatuna wa kumuuliza.

Wanaume wale walikamatwa, lakini sasa wako nje kwa dhamana. Gari likipunguza mwendo barabarani, Baba husimama dirishani mpaka lipite. Magrieta hawaachi tena watoto wacheze karibu na ua. Lakini mbegu tulizimwaga, Mama, na mbuzi hawajaingia.

Jumatatu kesi inaanza. Willem alikwenda mwenyewe polisi, akasema alichokiona. Sasa atasimama mahakamani akiseme mbele ya wanaume wale. Shati lake jeupe ameshalipiga pasi.

Unakumbukwa na mumeo Gert, wanao Willem, Magrieta na Dorkas, wakwe, wajukuu sita, na Dawid, aliyeomba jina lake liwemo.

Hutatutoka moyoni, Mama, hata siku hizi tunazoogopa.