Mwaridi Wangu Viwanja Sitini

Dada Kolesta mpendwa,

Shikamoo kutoka mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, kwa kina mume wangu mpenzi! Hapa kila mkwe mpya hupanda mche mbele ya nyumba. Nilivyoogopa kukosea! Nikaanza kuchimba shimo la mwaridi wangu katikati kabisa ya uwanja. Mama mkwe akacheka, akachukua jembe: “Mwanangu, utaziba mlango! Njoo barabarani utazame kama mgeni.”

Lo, dada! Maua mafupi mbele, marefu nyuma, mekundu yakijirudia pande zote za njia mpaka macho yanafika mlangoni yenyewe. Mahali pamoja tu, upande wa kushoto, palikuwa patupu.

“Pale, mama,” nikasema kwa woga.

Akanirudishia jembe. “Panda. Nyumba ni yako.”

Wabusu watoto, uwaambie mama yao mdogo ana mwaridi wake Ifakara.

Mdogo wako,
Adela