Siku Uledi Aliponusa Mguu wa Mzee Mbaruku

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
14 Juni, 1991

Mpendwa Shangazi Sabaha,

Shikamoo sana. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Iringa? Sisi wazima kabisa. Mimi, bibi harusi wa miezi minne, nimenenepa kwa furaha mpaka gauni la harusi halifungi!

Shangazi, nilidhani mume wangu Uledi akivaa koti la udaktari hachukizwi na kitu. Kumbe! Mwezi wa kwanza tu nikamwona hali chakula. Nilipombana akakiri kuwa madaktari nao huona kinyaa, ila hawasemi. Wengine hufanya utani baadaye kwenye chai. Yeye alitoka mbio kwenda kutapika, akimwacha Mzee Mbaruku, mvuta mkokoteni wa hapa sokoni, na kidonda chake cha mguu kilichooza. Mzee aliona aibu, hakurudi tena. Bila kusafishwa, mguu ule ungekatwa. Uledi akataka kuacha udaktari, akauze mitumba Mchikichini kama kila mtu siku hizi.

Nikamwuliza hufanyaje akikaribia kidonda. Akasema hubana pumzi. Nilicheka! Mimi niliyekulia kwenye magunia ya papa mkavu? Nikampeleka kwa mama, wifi yako, anakouza papa kule shimoni, chini ya soko. Mama akafungua gunia.

"Usibane pumzi, baba. Vuta yote mara moja, kisha nisalimie, uniulize watoto. Pua ikichoka itanyamaza."

Machozi yalimtoka Uledi, lakini alisalimia mpaka wajukuu ambao hawajazaliwa! Wauza samaki wakapiga vigelegele. "Haya mkwe," mama akasema, "sasa ndiyo umeoa!"

Kesho yake tulimtafuta mzee kwenye mikokoteni, Uledi akamwomba radhi. Tangu hapo kila asubuhi alimsafisha.

"Leo hukimbii, daktari?"

"Sikimbii, mzee. Mjukuu ameanza shule?"

Ananiambia kinyaa bado kinamjia, ila akishaanza mazungumzo, anamwona mtu kabla ya kidonda. Shangazi, nisimpende vipi?

Jana Mzee Mbaruku kaja kwetu kwa miguu yake miwili, nanasi mkononi. Akapandisha mguu juu ya kigoda. "Nusa sasa!"

Uledi wangu akapiga magoti, akanusa kweli. "Sabuni tupu!" Nikalia kama siku ya harusi.

Nisalimie Zena na mumewe. Mungu akulinde na akuponye hilo goti. Likikataa, njoo, daktari ninaye ndani!

Ni mimi mwanao nikupendaye mno,
Badria