Msiingie Chini ya Gari la Babu

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni. Asiingie mtu chini ya lile gari la babu yenu lenye vitanda vya kulalia safarini. Limesimama juu ya jeki tu na chesisi imekatika.

Nimempeleka baba yenu mdogo hospitali. Asubuhi alimwambia baba yenu aache kujisumbua kuchomelea, kutu imeshamaliza kila kitu, gari liuzwe chuma chakavu. Baba yenu akasema ng'o. Mwenzake akachukua nyundo akaigonga chesisi kumwonyesha, ikapasuka kama biskuti. Hapo baba yenu akamrukia na bomba la chuma. Akamvunja mkono, kisha akalinyanyua tena amshushie kichwani. Nikaingia katikati. Damu ya mlangoni ni yangu, msishtuke, ni sikio tu. Imwagieni maji kabla haijakauka.

Baba yenu yuko chumbani. ~~Msimsemeshe.~~ Mpelekeeni chai, hajatia kitu tumboni.

Akiuliza kama tumekwenda polisi, mwambieni mdogo wake amekataa katakata.

Mimi sijakataa.

Mama yenu